Kuzimikazimika kwa injini katika magari ya kale yaliyobadilishiwa injini

Kuzimikazimika kwa injini ni hitilafu ambapo injini ya gari huzimika yenyewe wakati gari likitembea au likiwa limesimama, kisha huwaka tena baada ya muda bila kitu chochote kutengenezwa, na baadaye huzimika tena. Hitilafu hii hutokea katika magari ya kila aina, lakini huonekana zaidi katika magari ya kale ambayo injini yake ya kiwandani imeondolewa na kuwekwa injini ya gari lingine. Katika Tanzania mfano unaojulikana zaidi ni Land Rover za zamani zilizowekewa injini za dizeli za Toyota, Nissan au Isuzu.

Ugumu wa hitilafu hii ni kwamba gari likifika gereji huwa linawaka vizuri, na fundi hana cha kupima. Kwa sababu hiyo vipuri vingi hubadilishwa kwa kubahatisha, mwenye gari hutumia fedha nyingi, na tatizo hubaki palepale. Uchunguzi mzuri hufuata utaratibu: kuchunguza dalili, kugawa mfumo katika sehemu, na kuipima kila sehemu peke yake hadi chanzo kibainike.

Usuli

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa kwa umma mjini Amsterdam, Uholanzi, tarehe 30 Aprili 1948. Ilifuatwa na Series II mwaka 1958, Series IIA mwaka 1961 na Series III mwaka 1971, ambayo uzalishaji wake uliisha mwaka 1985. Jina la Defender lilianza kutumika mwaka 1990. Bodi za magari hayo zilitengenezwa kwa aluminiamu na chasi kwa chuma. Ndiyo sababu chasi na bodi nyingi bado zinafaa kutumika, hata pale ambapo injini zake zilichakaa zamani.

Katika Afrika ya Mashariki magari hayo yalitumiwa na serikali, polisi, misheni, mashamba makubwa na baadaye makampuni ya utalii. Kaskazini mwa Tanzania bado yapo mengi, na mnamo Oktoba 2024 jiji la Arusha lilikuwa mwenyeji wa Tamasha la Land Rover lililokusanya magari hayo kutoka sehemu mbalimbali.

Injini za awali za Land Rover zilipochakaa, vipuri vyake vilikuwa adimu au ghali. Injini za Kijapani zilipatikana kwa urahisi zaidi, na mafundi wengi walizijua. Injini zinazotumika mara nyingi ni Toyota 2L ya lita 2.4 na 3L ya lita 2.8, zilizokuwa katika Hilux na Hiace, pamoja na 1HZ yenye silinda sita na lita 4.2, iliyotumika katika Land Cruiser na basi dogo la Coaster.

Mazingira ya Babati

Babati ni makao makuu ya Mkoa wa Manyara, uliomegwa kutoka Mkoa wa Arusha mwaka 2002. Mji uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, kando ya Ziwa Babati. Hapo hukutana barabara za kwenda Arusha, Dodoma kupitia Kondoa, na Singida kupitia Katesh chini ya Mlima Hanang. Barabara ya lami kati ya Dodoma na Babati ilizinduliwa mwaka 2018. Barabara za kwenda Mbulu, kupitia Magara au kupitia Dareda na Dongobesh, hupanda ukuta wa Bonde la Ufa.

Mazingira haya yana uhusiano na hitilafu inayoelezwa hapa kwa njia tatu. Kwanza, vumbi na mtikisiko wa barabara zisizo na lami hulegeza viunganishi na kuziba vichujio. Pili, milima mirefu huifanya injini idai mafuta mengi kwa muda mrefu, na mteremko wa gari husogeza mafuta upande mmoja wa tangi. Tatu, katika kimo hicho kani ya hewa ni pungufu kwa takribani asilimia 15 kuliko pwani. Kwa kuwa kani ya hewa ndiyo inayosukuma mafuta kutoka tangini pampu inapovuta, mfumo wa mafuta wenye kasoro ndogo ambao ungevumilika Tanga au Dar es Salaam unaweza kuonyesha udhaifu wake Babati.

Injini inahitaji nini ili isizimike

Injini ya dizeli ya aina ya kale inahitaji hewa, mafuta na mgandamizo. Haina plagi za cheche. Ikishawaka, umeme pekee inaouhitaji ili iendelee kufanya kazi ni ule unaofika kwenye solenoidi ya kukata mafuta, iliyofungwa juu ya pampu ya nozeli. Solenoidi ni koili ndogo ya waya inayovuta pini ya chuma umeme unapopita. Pini ikivutwa, mafuta hupita. Umeme ukikatika, springi huirudisha pini na mafuta hufungwa papo hapo. Hii ndiyo njia ambayo ufunguo huzima injini. Kwa hiyo waya huo mmoja ukikatika hata kwa sekunde moja barabarani, injini hupata amri ileile ambayo ingepata kutoka kwa dereva.

Injini ya petroli inahitaji pia cheche yenye nguvu kwa wakati wake. Katika mfumo wa zamani cheche hutoka kwenye koili, pointi, kondensa na distributa. Katika injini mpya zaidi, kompyuta ya injini hutegemea sensa ya mzunguko wa kranki, relei na pampu ya umeme ndani ya tangi. Kila kifaa kilichoongezwa ni mahali pengine ambapo mnyororo unaweza kukatika.

Kwa nini tatizo hutokea kwenye maungio

Injini iliyohamishwa mara nyingi ni nzima, na gari lililoipokea pia lilikuwa zima. Kasoro hujificha pale viwili hivyo vilipounganishwa, kwa sababu kila kimoja kilibuniwa kwa ajili ya mwenzake mwingine. Maungio muhimu ni haya:

Bomba la kuvuta mafuta. Pampu ya 3L au 1HZ ina pampu ndogo ndani yake inayovuta mafuta moja kwa moja kutoka tangini kupitia chujio. Bomba lote la kuvutia liko chini ya kani ya hewa ya nje. Kwa hiyo likiwa na ufa mdogo au klipu iliyolegea, mafuta hayamwagiki bali hewa ndiyo inayoingia. Wengi hudanganyika kwa sababu hawaoni mvujo wowote.

Bomba la kurudisha mafuta. Injini ya petroli yenye kabureta katika Land Rover nyingi za zamani haikuwa na bomba la kurudisha mafuta tangini. Pampu ya dizeli hurudisha sehemu kubwa ya mafuta iliyoyavuta, yakiwa ya moto na pengine yana mapovu. Fundi akiunganisha bomba hilo kwenye bomba la kuvutia badala ya kulipeleka tangini, hewa na joto huzunguka humo humo na injini hudhoofika baada ya mwendo mrefu.

Tangi la zamani. Tangi lililokaa miaka mingi lina kutu, tope na wakati mwingine utando wa vijidudu vinavyoota pale dizeli inapokutana na maji. Uchafu huo huvutwa hadi kwenye mdomo wa bomba na kuuziba. Injini ikizimika, mvuto huisha, uchafu huanguka, na gari huwaka tena kana kwamba halikuwa na tatizo.

Waya wa solenoidi. Land Rover za dizeli za Series II zilizimwa kwa kuvuta kitufe chenye waya wa chuma uliofika kwenye pampu. Hazikuwa na waya wa umeme kwa kazi hiyo. Anayeweka injini ya Kijapani hulazimika kutafuta umeme mahali fulani, na mara nyingi huuchukua kwenye swichi ya ufunguo iliyochakaa au kwenye waya ambao tayari unalisha vifaa vingine.

Volti. Land Rover nyingi zina mfumo wa volti 12. Baadhi ya injini za dizeli zilizotoka kwenye mabasi na malori madogo zilikuwa na vifaa vya volti 24. Solenoidi ya volti 24 ikipewa volti 12 huvuta kwa nguvu ndogo, na mtikisiko au joto huweza kuiachisha. Pia Land Rover zilizotengenezwa kabla ya takribani mwaka 1967 zilikuwa na ethi chanya, yaani upande chanya wa betri uliungwa na chasi. Altaneta ya kisasa hutaka ethi hasi, hivyo mfumo wote lazima uwe umegeuzwa kwa ukamilifu.

Waya wa ethi. Injini hukaa juu ya raba, na raba haipitishi umeme. Bila waya mnene kutoka kwenye bloku hadi chasi na betri, umeme hutafuta njia nyingine, kama waya wa ekseleta. Mahali aluminiamu ya bodi inapogusana na chuma cha chasi huota kutu inayozuia umeme.

Dalili na maana yake

Kabla ya kufungua chochote, dereva aulizwe maswali. Majibu yake hupunguza sehemu za kutafuta kuliko kipimo chochote.

Injini ilizimikaje? Ikiwa ilikatika ghafla kama vile ufunguo umezimwa, shaka ya kwanza ni umeme. Ikiwa ilipungua nguvu, ikamisi, ikatetemeka na kisha kuzimika, shaka ya kwanza ni mafuta: kuziba au hewa. Tofauti hii ndiyo msingi wa uchunguzi wote.

Iliwaka tena baada ya muda gani? Ikiwaka mara moja, mara nyingi ni kiunganishi kilicholegea. Ikihitaji kupigwa pampu ya mkono iliyo juu ya chujio, kuna hewa au kuziba katika upande wa kuvuta. Ikihitaji nusu saa ili ipoe, shaka ni kifaa kinachoharibika kwa joto, kama koili ya petroli, solenoidi au sensa.

Ilizimikia wapi? Kwenye mashimo na matuta, shaka ni waya au mauntingi za injini. Kwenye mlima, shaka ni upungufu wa mafuta. Kwenye kona au mteremko tangi likiwa nusu, shaka ni urefu na mkao wa bomba la tangini.

Moshi ulikuwaje? Moshi mweusi kabla ya kuzimika huonyesha hewa haitoshi: chujio la hewa limeziba au mpira wa hewa unajikunja kwa ndani unapovutwa. Baada ya kuzimika, mtu apige starta huku mwingine akitazama bomba la moshi. Injini ya dizeli ikizungushwa bila kutoa moshi wowote, mafuta hayafiki kwenye silinda.

Je, injini ilikuwa ya moto kupita kiasi? Ikiwa geji ya joto ilipanda au injini ilikaza na haizunguki, hili si tatizo la kuzimikazimika tena. Isipigwe starta hadi chanzo cha joto kijulikane, kwa kuwa madhara yake ni kuua injini.

Hatua za uchunguzi

Hatua zifuatazo zimepangwa kuanzia ile rahisi na isiyo na gharama. Kanuni ni kubadilisha jambo moja tu kwa wakati. Mambo mawili yakibadilishwa pamoja na gari likapona, haitajulikana ni lipi lililoponya, na tatizo likirudi uchunguzi huanza upya.

1. Daftari la gari. Dereva aandike kila tukio: tarehe, mahali, kiasi cha mafuta tangini, joto, mwendo, namna injini ilivyozimika na muda hadi ilipowaka. Matukio matano au sita yaliyoandikwa vizuri huonyesha mpangilio ambao kumbukumbu ya kichwani haiwezi kuonyesha.

2. Kuangalia na kushika. Injini ikiwa imezimwa, kila mpira, klipu na kiunganishi kikaguliwe kwa mkono kuanzia tangini hadi kwenye pampu. Kisha injini iwashwe, na nyaya za swichi, fyuzi na solenoidi zitikiswe moja baada ya nyingine. Injini ikishtuka waya fulani unapotikiswa, chanzo kimekaribia. Fundi aangalie pia kama injini inainama sana inapopewa mzigo, kwa kuwa mauntingi iliyokatika huvuta mipira na nyaya.

3. Kifuniko cha tangi. Gari likizimika, kifuniko kifunguliwe kabla ya kitu kingine. Sauti ya hewa inayoingia kwa nguvu huonyesha kwamba tundu la kupumulia limeziba. Tangi lisilopumua huzuia mafuta kutoka. Jaribio hili halihitaji kifaa chochote.

4. Chujio na maji. Chujio la mafuta lifunguliwe chini na mafuta yamiminwe kwenye chupa safi ya kioo. Maji hukaa chini ya dizeli na huonekana kama tabaka tofauti. Kutu na tope humaanisha tangi lishushwe na lioshwe. Kubadilisha chujio peke yake ni kuahirisha tatizo.

5. Mpira unaoonyesha ndani. Kipande kifupi cha mpira wa plastiki angavu, wa aina inayostahimili mafuta, huwekwa kati ya chujio na pampu. Injini ikiwaka, mapovu machache baada ya kazi ya chujio ni ya kawaida na huisha. Mapovu yanayoendelea ni uthibitisho kwamba hewa inaingia. Mpira huo usogezwe kuelekea tangini, ungio baada ya ungio. Mahali ambapo kabla yake hakuna mapovu na baada yake yapo, ndipo penye kasoro.

6. Dumu la majaribio. Bomba la kuvutia na la kurudishia yote mawili huunganishwa kwenye dumu safi la dizeli lililofungwa imara nje ya chumba cha abiria. Gari liendeshwe barabara ileile ambayo huzimikia. Lisipozimika, kasoro iko kwenye tangi au bomba lake. Likizimika bado, tangi na mabomba yake hayana hatia, na uchunguzi uhamie kwenye chujio, pampu au umeme. Jaribio hili hugawa mfumo wa mafuta mara mbili kwa mara moja. Lisifanywe kwa petroli, ambayo mvuke wake hulipuka kwa urahisi.

7. Taa ya solenoidi. Balbu ndogo ya volti 12 huunganishwa upande mmoja kwenye nati ya solenoidi na upande wa pili kwenye bloku ya injini, kisha huletwa mbele ya dereva kwa waya mrefu. Balbu huwaka muda wote injini ikiwa inafanya kazi. Injini inapozimika, dereva aitazame kabla ya kugusa ufunguo. Ikiwa imezimika au imefifia, umeme ulikatika. Ikiwa bado inang'aa, umeme ulifika. Kilichobaki ni mafuta au solenoidi yenyewe.

8. Kupima volti. Kwa kutumia mita, betri iliyopumzika na kujaa huonyesha takribani volti 12.6, na altaneta ikichaji huonyesha kati ya 13.8 na 14.4. Volti za kwenye solenoidi zilinganishwe na za kwenye betri injini ikiwaka. Tofauti ikizidi nusu volti, kuna ungio bovu njiani. Vivyo hivyo, volti kati ya bloku na ncha hasi ya betri ziwe karibu na sifuri, hata starta inapopigwa.

9. Waya wa muda. Solenoidi hupewa umeme moja kwa moja kutoka betri kupitia fyuzi ndogo na swichi iliyo karibu na dereva. Gari likitembea wiki nzima bila kuzimika, basi swichi ya ufunguo au waya wa zamani ndiyo yenye kosa. Waya huu ni wa majaribio. Baadaye uwekwe waya mpya wa kudumu wenye fyuzi na relei yake.

10. Pampu na nozeli. Hatua hii huwa ya mwisho kwa sababu ni ya gharama kubwa na huhitaji mashine maalumu ya kupimia. Pampu iliyochakaa kwa kawaida hutoa dalili za kudumu, kama kuwaka kwa shida au kukosa nguvu kila siku, kuliko kuzimika mara mojamoja.

Kwa injini ya petroli, hatua za 7 hadi 9 hufanywa kwenye koili badala ya solenoidi. Plagi ya akiba huwekwa kwenye waya wake na kugusishwa kwenye bloku mara tu baada ya gari kuzimika, mbali na mvuke wa petroli. Cheche ikikosekana wakati wa joto na kurudi gari likipoa, koili na kondensa huchunguzwa kwanza. Koili iliyobuniwa kutumia waya wa kupunguza umeme, ikiunganishwa moja kwa moja na volti 12, hupata moto na kuharibika.

Mfano wa kufikiri kwa hatua

Chukua mfano wa Land Rover ya Series III yenye injini ya 3L inayobeba mahindi kati ya Bashanet na Babati. Huzimika mara moja au mbili kwa wiki. Dereva anasema hupungua nguvu kwanza, kisha huzimika, na huwaka akipiga pampu ya mkono mara kumi. Gereji moja inapendekeza pampu ishushwe na kupelekwa Arusha kupimwa.

Kwa kuwa injini hupungua nguvu kwanza, umeme si mshukiwa wa kwanza. Kwa kuwa pampu ya mkono huirudisha, kasoro iko upande wa kuvuta. Daftari linaonyesha kwamba matukio yote yalitokea wakati wa kupanda, tangi likiwa chini ya nusu. Tangi likijazwa, hakuna tukio hata kwenye mlima uleule. Hapa maelezo mawili yanabaki: ama bomba la ndani ya tangi ni fupi au limetoboka juu, ama kuna ungio lililo juu ya usawa wa mafuta linaloingiza hewa pale pampu inapolazimika kuvuta zaidi.

Dumu la majaribio likifungwa, gari linapanda mara tatu bila kuzimika. Pampu imeondolewa lawama bila kufunguliwa. Bomba la tangini likichomolewa na kukaguliwa, tundu la kutu lililo katikati yake linaeleza kila kitu: mafuta yakiwa juu ya tundu, bomba huvuta mafuta, yakishuka chini yake, huvuta hewa. Gharama ya bomba ni ndogo sana ikilinganishwa na ya pampu ambayo ingeshushwa bure.

Usalama

Gari linalozimika ghafla ni hatari. Usukani wenye msaada wa nguvu huwa mzito. Breki zenye msaada wa mvuto hubaki na akiba ya kukanyaga mara chache tu, kwa kuwa katika injini nyingi za dizeli za Toyota pampu ya mvuto huendeshwa pamoja na altaneta. Kwenye mteremko wa Magara au Dareda, dereva asikanyage na kuachia breki mara kwa mara. Akanyage mara moja kwa uthabiti, abaki kwenye gia ndogo, na asogee kando ya barabara. Gari lenye hitilafu hii lisibebe abiria wala mgonjwa hadi chanzo kipatikane.

Wakati wa uchunguzi magurudumu yazuiwe kwa mawe au magogo, na mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Mafuta yanayotoka kwenye nozeli yana kani kubwa inayoweza kupenya ngozi. Mkono usiwekwe mbele yake. Anayeondoa pini ya solenoidi kwa majaribio akumbuke kwamba ufunguo hautazima injini tena, hivyo lazima awe na njia nyingine ya kuizima.

Kinga

Hitilafu nyingi za aina hii huzuilika siku ile injini inapowekwa. Tangi lioshwe au libadilishwe kabla injini mpya haijawashwa. Mabomba ya kuvuta na kurudisha yawe mapya, yenye upana unaolingana na pampu, na yapite mbali na bomba la moshi. Bomba la kurudishia lifike tangini. Solenoidi ipate waya wake, fyuzi yake na relei yake. Bloku, chasi na betri viunganishwe kwa waya mnene wa ethi kwenye chuma kilichosafishwa.

Mwenye gari atunze mchoro wa nyaya na mabomba kama yalivyofungwa kwa kweli, pamoja na jina la injini na aina ya gari ilikotoka. Kitabu cha Land Rover hakielezi injini ya Toyota, na kitabu cha Toyota hakielezi nyaya za Land Rover. Mchoro huo ndio kitabu pekee cha gari hilo. Aidha, kadi ya usajili inayotolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) huonyesha namba ya chasi na namba ya injini, kwa hiyo mabadiliko ya injini yanapaswa kuingizwa kwenye kumbukumbu za gari.

Tazama pia

Babati
Breki
Injini ya dizeli
Land Rover
Solenoidi